Kupona kiwewe kwa tiba ya mazungumzo: mwongozo kamili kwa mtu wa Moshi na Arusha

Mwaka mzima baada ya ajali sikuweza kukaa chumba kimoja na parachichi. Hiace tuliyopanda kutoka Arusha iliacha njia kwenye mteremko wa Kikafu, pale Hai, na gunia la parachichi lililokuwa katikati ya viti likapasuka juu yetu. Niliyoyaona mle ndani sitayasimulia hapa. Nilitoka na mkono uliovunjika, na mkono ulipona. Iliyobaki ni harufu. Na hapa Moshi parachichi halikwepeki: liko Mbuyuni sokoni, liko kwenye beseni la mama wa kona, liko kwenye sahani ukienda kusalimia wagonjwa. Nikilinusa tu, mwili unarudi Kikafu. Jasho linanitoka, masikio yanaziba, sioni anayeongea nami.

Ndugu zangu walinipa pole, walinipikia mtori, waliniombea. Baada ya miezi mitatu wakaanza kuniambia nisahau. Nawapenda, lakini hapo walikosea. Watu wengi hubaki na mzigo miaka kwa kudhani njia ni mbili tu, kusahau au kuvumilia. Ipo ya tatu. Ni tiba, ina hatua, na haianzi kwa kukulazimisha usimulie yaliyokupata. Hilo la mwisho ndilo lililonichelewesha mimi, kwa hiyo nitalirudia.

Hatua ya 1: Tofautisha mshtuko unaopita na kiwewe kilichokaa

Baada ya ajali, ujambazi, kubakwa, kupigwa nyumbani, kufiwa ghafla au kuzaa kwa hatari, karibu kila mtu hukosa usingizi na kushtukashtuka. Huo si ugonjwa. Kwa walio wengi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, hasa wakiwa na watu wao karibu.

Wasiwasi uanze mwezi ukipita na mambo haya manne bado yapo: tukio linakurudia bila kuitwa, kwa ndoto, kwa picha, au kwa mwili kutetemeka kama vile linatokea sasa hivi; unakwepa njia, watu na mazungumzo yanayokukumbusha; unajilaumu, au moyo umekufa ganzi hata mtoto wako akicheka husikii furaha; uko macho kama mlinzi wa usiku, unahesabu milango, hasira zinakulipuka kwa jambo dogo. Yote manne yakikaa zaidi ya mwezi na kukuvurugia kazi au ndoa, nenda kapimwe. Madaktari huita hali hii msongo baada ya kiwewe. Iliingia rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980, kwa kiasi kikubwa kutokana na hali ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Nalitaja hilo kwa ajili ya wanaume wanaosoma hapa. Ugonjwa huu uliandikiwa jina kwa kuwatazama askari, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni udhaifu.

Usisubiri huo mwezi kama unafikiria kufa au kujidhuru. Mwambie mtu mmoja leo, mwende naye hospitali leo, idara ya dharura.

Inasaidia pia kujua kinachotokea kichwani. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe: unajua harusi ya dada yako ilikuwa mwaka gani, ukiikumbuka hujikuti umekaa ukumbini. Ubongo una sehemu ndogo, amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora cha hatari, na nyingine, hipokampasi, inayopanga kumbukumbu kwa wakati na mahali. King'ora kikilia kupita kiasi, upangaji unavurugika. Tukio linabaki vipandevipande, harufu, mlio, rangi, bila tarehe. Kipande kimoja kikiguswa, mwili unajibu kana kwamba ni sasa. Kwa kiasi kikubwa, tiba ni kuvirudishia vipande hivyo tarehe.

Hatua ya 2: Siku na wiki za mwanzo

Kama ni ubakaji, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai kuanza baada ya hapo, na kila saa unayowahi ina faida. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina muda wake, hadi saa 120. Usioge wala kufua nguo ulizovaa kabla ya kupimwa. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako unaweza kuongea faragha. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.

Kwa matukio mengine, kazi ya wiki za mwanzo ni ndogo na ya kawaida: kula, kulala penye usalama, kuwa na mtu. Usimkalishe aliyenusurika umwambie "toa yote, utapona." Zamani hata wataalamu walifanya hivyo, kikao kimoja kirefu cha kusimulia mara tu baada ya tukio, na utafiti ukaonyesha kwamba hakizuii kiwewe, na kwa wengine huongeza madhara. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, kaa naye kimya, mchemshie chai.

Na tafadhali, usimnunulie diazepamu duka la dawa ili alale. Shirika la Afya Duniani, kwenye miongozo yake ya mwaka 2013, lilishauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa ajili ya dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Mwili unazizoea, na kiwewe hazikigusi. Pombe iko kwenye mkumbo huohuo. Nasema hivi nikijua vizuri ninaishi mkoa gani.

Hatua ya 3: Tafuta mtu sahihi

Majina yanachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anafanya tiba ya mazungumzo. Mshauri nasaha anaweza kuwa na mafunzo ya miaka au ya wiki mbili, kwa hiyo uliza. Afisa ustawi wa jamii ni mlango mzuri kama tatizo limefungana na ndoa, watoto au mahali pa kulala. Mchungaji, padri au shehe anaweza kukubeba kiroho, na imani yangu mimi ilinishika mkono sana, ila maombi na tiba havigombanii kiti kimoja.

Kwa Moshi, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi au KCMC, na kwa Arusha, Mount Meru. Ukiwa mbali, pitia kituo cha afya kilicho karibu, omba rufaa ya huduma ya afya ya akili. Sema hivyohivyo mapokezi: "Naomba kumwona mtu wa afya ya akili, nilipata tukio baya na sijatulia." Ukisema tu "kichwa kinauma, silali," utatoka na panado. Uliza gharama kabla, na kama una bima uliza inalipia vikao au inalipia dawa tu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Aibu ya kuonekana ipo, nisijifanye haipo. Mji wetu ni mdogo, ukikaa kwenye benchi la kliniki ya akili atapita binamu wa jirani yako. Mimi niliomba miadi ya kwanza ya asubuhi, kabla foleni haijajaa. Ninaowafahamu wengine wanaishi Moshi wanatibiwa Arusha, na wa Arusha wanakuja Moshi. Kilomita 80 hivi zinawapa faragha.

Ukikutana na mtaalamu kwa mara ya kwanza, muulize: umesomea wapi, umefundishwa tiba gani hasa ya kiwewe, tutafanya vikao vingapi, na siri yangu inaishia wapi? Mtaalamu wa kweli hachukii maswali haya. Kuhusu siri atakwambia kwamba atalazimika kusema endapo maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anadhuriwa. Ondoka, na usirudi, kama anakulazimisha usimulie yote siku ya kwanza, anakupiga picha au kukurekodi bila idhini, anasimulia habari za wagonjwa wengine, au anakutaka kimapenzi. Mshauri wa kwanza niliyemwendea alinikatiza baada ya dakika kumi akaniambia nimshukuru Mungu, wenzangu wamekufa. Sikumwendea tena, na nusu mwaka sikumwendea mwingine yeyote. Nakuomba usipoteze hiyo nusu mwaka. Mtu mmoja akikosea, badilisha mtu, tiba usiiache.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Chumba kilikuwa kidogo, bati linapiga kelele za mvua. Kabla sijakaa mshauri alisema: "Chagua kiti unachotaka." Nilichagua kinachoona mlango. Hakuuliza kwa nini. Akaniambia: "Leo sihitaji kujua kilichotokea ndani ya gari. Nataka kujua unalalaje, unakula nini, nyumbani uko na nani." Nililia hapohapo, maana nilikuwa nimekesha nikijiandaa kusimulia.

Kikao huchukua kati ya dakika 50 na saa moja, mara nyingi mara moja kwa wiki. Cha kwanza ni maswali na kupanga: dalili zako, afya yako, dawa unazotumia, pombe, hatari yoyote iliyopo. Wengine hukupa karatasi ya maswali ya kupima ukali wa dalili, na hurudia kipimo hicho kila baada ya vikao kadhaa. Iombe. Kuna wiki utaona hakuna kilichobadilika, na karatasi itakuonyesha kwamba kimebadilika.

Jambo moja lizingatiwe sana. Kama anayekupiga bado unalala naye nyumba moja, kazi ya kwanza ni usalama wako, si kumbukumbu. King'ora kinacholia kwa hatari iliyopo hakina kasoro. Hapo mshauri, ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia wafanye kazi pamoja.

Hatua ya 5: Fundisha mwili kwanza

Vikao vyangu vitatu vya mwanzo vilikuwa vya mwili tu. Niliona kama tunapoteza muda. Leo nasema ndivyo vilivyobeba vingine vyote, maana huwezi kuingia kwenye kumbukumbu kama hujui kutoka.

Jifunze pumzi: vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Dakika tano asubuhi na jioni, ukiwa umetulia. Ukisubiri hofu ikupande ndipo ujifunze, pumzi hiyo haitakuja.

Jifunze kurudi ulipo. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Vitaje kwa sauti. Mimi nilikuwa nafanya kwenye foleni ya benki, midomo inacheza bila sauti: kanga ya bluu, feni, mzee mwenye kofia, risiti chini, saa ya ukutani. Kisha najiambia tarehe ya leo, na kwamba niko Moshi mjini, benki, nimekuja kutoa pesa za ada. Hiyo tarehe ndiyo dawa. Kikafu ilikuwa siku ile, leo ni leo.

Usiku jinamizi likikuamsha, usibaki umelala unalipiga vita. Keti, kanyaga sakafu peku, washa taa, kunywa maji, taja mahali ulipo.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Hapa njia ni nyingi, na mtaalamu atachagua nawe. Nitaeleza zile zenye ushahidi.

Ya kwanza ni kupima fikra zilizokwama, na kwa kawaida huwa vikao 12. Fikra yangu ilikuwa hii: nilimwachia mama mmoja kiti changu cha dirishani, na yeye hakutoka. Kwa mwaka mzima niliamini mimi ndiye niliyemuua. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Mshauri hakuniambia "usijilaumu," maneno ambayo hayajawahi kumsaidia mtu. Aliniambia niandike sentensi yangu juu ya karatasi: Nilimuua kwa kumpa kiti. Chini yake nikajibu maswali. Wakati unampa kiti ulijua nini? Kwamba anatapika akikaa katikati. Ulikusudia nini? Apate hewa. Nani alikuwa anaendesha? Aliendesha kwa mwendo gani? Kama binti yako ndiye angempa kiti, ungemwambia ameua? Nilijibu kila swali kwa ugomvi. Wiki iliyofuata akanirudishia karatasi ileile, nikajibu tena. Wiki ya tatu niliandika mwenyewe, bila kuulizwa: Nilimpa kiti kwa huruma. Gari lilianguka kwa sababu nyingine. Majonzi yalibaki, na mpaka leo yapo. Hatia ndiyo iliyoondoka, na sikuwa najua kwamba hivyo ni vitu viwili.

Njia nyingine ni kulikabili unalolikwepa, kwa ngazi. Unaandika unavyovikwepa, unavipa alama ya hofu kutoka 0 hadi 100, unaanzia chini. Ngazi yangu ya parachichi ilikuwa hivi: kuangalia picha yake, 20, kupita sokoni upande wa pili wa barabara, 40, kulishika likiwa zima, 55, kukaa nalo likiwa limekatwa mezani, 80. Unakaa kwenye ngazi moja mpaka hofu ishuke yenyewe, bila kukimbia, na unarudia siku nyingi. Njia hiyohiyo ina sehemu ya kusimulia tukio kwa mdomo, ukiwa umefumba macho, mara kwa mara, mpaka liwe habari yenye mwanzo na mwisho. Usiifanye peke yako nyumbani.

Kwa waliopitia mengi, vita, ukimbizi, utoto wa vipigo, ipo tiba ya kusimulia maisha yote. Mshauri anatandaza kamba sakafuni, kamba ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka maua penye furaha na mawe penye maumivu, kisha mnapita jiwe kwa jiwe kwa utaratibu wa miaka, na mwisho unapewa simulizi yako ikiwa imeandikwa. Wanasaikolojia wa Ujerumani walioianzisha waliijaribu kwenye makazi ya wakimbizi Uganda miaka ya 2000, na kule Nakivale waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa. Kwa hiyo wataalamu kuwa wachache si sababu ya kukata tamaa.

Utasikia pia kuhusu ile ya kusogeza macho kufuata kidole huku ukilifikiria tukio. Ina ushahidi. Wanaoifanya kwetu ni wachache, hivyo uliza amefundishwa wapi.

Dawa zipo, kama sertralini, na daktari anaweza kukuandikia pamoja na tiba, hasa sonona ikiwa nzito. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na usiziache ghafla bila kumwambia.

Jiandae kwa hili: katikati ya kazi hii, dalili zinaweza kupanda kwa wiki moja au mbili. Mimi ndoto zilirudi kikao cha tano, nikataka kuacha. Nilimwambia mshauri, akapunguza mwendo. Una haki ya kusema "leo tuishie hapa." Usipange kikao siku ya kazi ngumu, na ukitoka usipande gari papo hapo. Kaa mahali nusu saa, kunywa kitu.

Hatua ya 7: Kama aliyeumia ni mtoto

Mtoto hasemi "nina kiwewe." Anarudia kukojoa kitandani, anacheza mchezo wa ajali uleule kila siku, anashuka masomoni, anakuganda. Mwambie ukweli kwa maneno ya umri wake. Tumezoea kumwambia mtoto mama amesafiri. Mtoto anasubiri, halafu anajilaumu kwamba mama amemkimbia.

Tiba ya watoto wenye kiwewe imewahi kujaribiwa hapahapa Moshi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2020, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi, nusu Moshi na nusu Bungoma nchini Kenya, walifuatiliwa. Baadhi walipata vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake, na walezi wao pia walishiriki. Waliotoa tiba hawakuwa wanasaikolojia, ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo hayakulingana kila eneo, na faida ilidumu zaidi upande wa Kenya. Mimi kinachonigusa ni jinsi mlezi alivyohesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Bibi anayelea wajukuu anahitaji kufundishwa namna ya kusikiliza bila kumkatiza mtoto kwa "nyamaza, usilie."

Hatua ya 8: Wa nyumbani wafanye nini

Muulize anachotaka, usikisie. Usimguse ghafla kwa nyuma. Usimwambie wenzake walikufa. Mume wangu alifanya jambo moja ambalo sitalisahau: aliongea na mama wa kona, kimya kimya, akamwomba beseni la parachichi alihamishie upande wa pili kwa muda. Hakunitangazia. Mshauri alipolijua alilipenda, kisha akatuambia tupange siku ya kulirudisha, kwa sababu msaada wa kukwepa ukikaa sana unageuka kuwa sehemu ya ugonjwa. Beseni lilirudi baada ya miezi miwili.

Hatua ya 9: Kumaliza

Tiba ya kiwewe ina mwisho. Kwa tukio moja, vikao 8 hadi 16 huwatosha wengi. Kwa kiwewe cha utotoni au cha miaka mingi, huwa vingi zaidi. Vikao vya mwisho mnaandika pamoja dalili zako za mapema na utakachofanya zikionekana. Karatasi yangu ya dalili naiweka ndani ya Biblia, ina mistari sita: nikianza kuhesabu milango, nikikwepa soko, pumzi, tarehe ya leo, nimwambie mume wangu, nimpigie mshauri.

Tarehe ya tukio, msiba mwingine, au ajali ukiisikia redioni vinaweza kukurudisha nyuma. Kurudi kwa vikao viwili vitatu si kuanza upya. Mimi nilirudi mara moja, Aprili ya mwaka uliofuata, masika ilipopiga siku nne bila kukatika na lami ikawa inanuka kama siku ile. Vilitosha viwili.